Noeli Hiyo, Fungueni Bufeti!

Aaah, wapendwa! Sogeeni hapa kwenye benchi, chini ya mwembe, mnisaidie kutikisa kichwa, maana changu peke yake hakitoshi. Desemba ikishapiga hodi tu, tazameni bisi zinazoshuka kutoka Bukavu. Zimepita Nyangezi, zimejikunja kwenye kona za Ngomo, zimeiacha Kamanyola nyuma, na huko juu ya paa, kati ya magodoro na katoni za sabuni, kuna nini? Sapini za plastiki! Sapini zilizofungwa kamba mikono na miguu, gilandi zinazowamwagia abiria vumbi la fedha, na zile taa ndogo za Kichina zinazojiimbia nyimbo za Noeli kwa sauti ya mbu mwenye mafua. Zinashushwa hapa Luberizi, motari anazipakia, watoto wanamkimbilia nyuma, mtaa mzima unatoka nje kutazama. Eti Noeli imefika.

Haya, imefika. Sasa mfuateni motari mpaka ndani ya nyumba. Sapini inasimamishwa salon, kwenye ukuta mkubwa, na nyuma yake inafunikwa bufeti. Bufeti ya mbao ya libuyu, yenye milango ya kioo, iliyochongwa na fundi ambaye siku hizi wajukuu zake ndio mafundi. Ndani yake umejipanga ukoo wote: sahani za emaye zenye maua mekundu, gilasi za miguu mirefu za mahari ya bibi, thermosi tatu ambazo hazijawahi kuonja maji ya moto, vitambaa vya krosheti ambavyo mama alifundishwa kuvifuma na masista, na picha ya papa akiwa kijana amevaa suruali pana, mkono mmoja umeshika redio. Vyote viko nyuma ya kioo. Kioo kimefungwa. Ufunguo uko kwa mama. "Mutoto, usiguse, ile ni ya bageni!" Nani kati yenu hakukuzwa na sentensi hiyo? Inueni mikono. Mnaona? Hakuna hata mmoja.

Basi hicho ndicho kilio changu cha leo, na ninakililia waziwazi. Tuna nyumba zilizojaa vitu vilivyotunzwa kwa mapenzi miaka na miaka, halafu siku kuu yenyewe ikifika tunavifungia, tunaivisha nyumba mapambo yaliyonunuliwa juzi ambayo hayamjui hata mtu mmoja wa familia. Wahenga walikwisha kutuonya: usiache mbachao kwa msala upitao. Sisi tumeuacha mbachao, tena tumeuwekea kufuli.

Na gharama! Yesu wangu, gharama! Mama amengoja zamu yake ya likelemba tangu mvua za kwanza. Akina mama wenzake wamemkabidhi fungu lake, kila mmoja anajua watoto wa nyumba ile wanahitaji viatu vya shule. Mama akapanda bisi mpaka soko la Kadutu, kule Bukavu, akarudi na theluji. Ndiyo, mmesikia vizuri. Theluji! Iko ndani ya kopo, unaibonyeza inatoka puuu. Theluji, Luberizi! Hapa kwetu, ambako saa saba mchana hata mbuzi huchagua upande wa ukuta wa kulalia. Ruzizi inaliacha Ziwa Kivu kwenye mita karibu 1,460 juu ya bahari, inaporomoka mpaka Tanganyika kwenye mita karibu 770, na kila mtu aliyeshuka nayo anajua sweta ya Bukavu inavuliwa wapi. Halafu mtu anapuliza theluji dirishani, jasho linamtiririka mpaka kiunoni, na majirani wanasimama nje wakisema imependeza. Ee Mungu, tusamehe.

Tena kama weupe ndio mnaoutaka, bonde hili liliujua kabla ya makopo. Wakati wa Wabelgiji wazee wetu walilima pamba hapa, wengi wao bila kupenda, na kuna nyumba ambazo hadi leo zina mto wa zamani uliojazwa pamba ya shamba la babu. Kuna bibi mmoja hapa kwetu ambaye kila mwaka anaufungua mto huo kidogo upande mmoja, anachomoa pamba kiasi cha kiganja, anaitandaza juu ya matawi, na baada ya siku kuu anairudisha na kushona. Watoto wakimuuliza "Koko, hii ni theluji?" anawaambia ni mgongo wa babu yao. Anawasimulia jembe, jua, mizani ya mnunuzi, na bei ambayo haikupangwa na aliyelima. Wanamsikiliza wote, hata yule asiyekaa mahali pamoja kwa dakika mbili. Niambieni, ni kopo gani la Kadutu linaweza kusimulia hayo?

Tuje kwenye sapini yenyewe, maana hapo ndipo watu wanaponimaliza kabisa. Wale wasiomudu ya plastiki wanataka ya kweli, na ya kweli kwao ni msipresi wa milimani. Bondeni hatuna msipresi wa kujivunia, tuna mwembe na mchikichi. Kwa hiyo tawi linatafutwa huko juu. Na kule juu, ikifika tarehe 23, angalieni ua la misipresi la paroko: limenyolewa upande mmoja! Watu wenye rozari shingoni, usiku wa manane, wanaiba matawi ya paroko ili wamsifu Mungu wa paroko. Kesho yake wanakwenda kuungama. Paroko anawasikiliza, anajua kabisa nani amekata wapi, anawapa kitubio, na anajiuliza mwakani atabaki na nini.

Tawi likishaibwa linafungwa nyuma ya pikipiki au juu ya bisi, na huko barabarani upepo unalipiga, jua linalichoma, vumbi la barabara ya taifa namba 5 linalipaka. Linafika Luberizi rangi ya ugoro. Limebaki mifupa. Lakini mwenyewe anasimama mbele yake ameshika kiuno, anasema, "Hii ni sapini ya kweli!" Na kwenye kizingiti cha mlango wake kuna mwembe wa kijani kibichi, umejaa majani mpaka unaziba njia, unamtazama. Msonyo!

Nani alituambia tawi la mchikichi si la Noeli? Kanisani siku ya Matawi tunalipunga, arusini tunalijenga tao, akija mkubwa wa serikali tunampangia barabara nzima. Siku ya Noeli tu ndipo linakuwa la kishamba. Na hao Wazungu tunaowaiga, walianzaje? Strasbourg, mwaka 1605, mtu mmoja aliandika kwamba watu walisimamisha miti vyumbani na kuitundika waridi za karatasi, matofaa na vikate vyembamba. Kumbe walichukua mti uliokuwa msituni kwao na matunda yaliyokuwa jikoni kwao! Na Mtakatifu Fransisko alipotengeneza kreshi ya Greccio, Italia, mwaka 1223, alihitaji nini? Majani makavu, ng'ombe na punda wa pale pale kijijini. Kwa majani makavu sisi tuna nyasi za mpunga baada ya mavuno, tele. Kwa ng'ombe, simameni barabarani jioni mhesabu wanaopita. Watoto wetu wanawafinyanga kwa udongo wa mtoni, na pembe ndefu kabisa, na nundu, na hata yule mchungaji mwenye fimbo mabegani. Halafu mama anawasukumia uvunguni, anaweka kondoo wa plastiki mwenye jicho moja la buluu.

Lakini tuirudie bufeti, ndiyo iliyonileta hapa. Kuna mama mmoja, simtaji, wenyewe mnamjua, ana sahani za emaye ambazo zina historia kuliko watu wengi wa mtaa huu. Vita vya 1996 vilipowaka huku kwetu, upande wa Uvira na bonde lote, yeye alikuwa na muda wa kufanya jambo moja tu kabla ya kukimbia. Wengine walibeba redio, wengine kuku. Yeye alichimba shimo nyuma ya migomba, akazizika sahani zake ndani ya gunia, akasawazisha udongo, akapanda mihogo juu. Aliporudi mihogo ilikuwa imekomaa. Akaing'oa, akachimba, zikatoka zote na maua yake, moja tu imebanduka rangi ukingoni. Jamani! Sahani kama hizo zingewekwa katikati ya meza na kupigiwa vigelegele!

Sasa nendeni kwake siku ya Noeli. Mchele wa bondeni umepikwa unanukia mpaka barabarani, mukeke wa Tanganyika umekaangwa, sombe imetulia kwenye sufuria. Mnapakuliwa katika nini? Sahani za plastiki za kutupwa, zile zinazopinda ukiweka kijiko cha pili cha wali. Mchuzi unateleza unakwenda magotini. Watoto wanakunywa fanta kwenye gobele iliyopasuka. Na sahani za shimoni? Ziko bufetini, nyuma ya sapini, zinatuangalia tukijimwagia. Ukimuuliza anasema ni za wageni. Mama wee, mgeni gani? Bonde zima limekwisha kupita mlangoni mwako! Askofu alipita, ukampa chai kwenye kikombe cha kuazima. Mgeni anayengojewa na sahani hizo hajazaliwa, na akizaliwa ataambiwa asiguse.

Akina papa mnacheka? Msicheke. Ninyi nao mna mabegi yenu juu ya kabati. Kuna mzee mmoja karibu na soko ana noti za Zaire, mkusanyiko mzima, ndani ya Biblia kubwa. Ana Mobutu wa kila umri na kila kofia. Ana ile noti ya zaire milioni tano iliyotoka mwishoni mwa 1992, ambayo wafanyabiashara wa Kinshasa waliikataa, na askari waliolipwa mshahara kwa noti hizo wakaasi mjini Januari 1993. Mwaka huohuo ikaja zaire mpya, moja kwa milioni tatu za zamani, na mwaka 1998 ikaja faranga ya Kongo, moja kwa zaire mpya laki moja. Fanyeni hesabu wenyewe mkiwa na nguvu. Mzee huyo alikuwa milionea mara nyingi na hajawahi kujenga choo cha matofali.

Miaka yote hiyo noti hakuna aliyeruhusiwa kuzigusa. Mpaka Noeli moja mjukuu wake, msichana wa shule ya msingi, akamwomba azitundike kwenye tawi la mwembe kwa vibanio vya nguo. Mzee akang'aka. Bibi akamtazama. Mzee akapoa. Zikatundikwa. Wapendwa, sijaona mapambo yaliyokusanya watu namna ile! Vijana waliingia kucheka, wakabaki kuuliza. Mzee alisimama mbele ya tawi lake akionyesha kwa fimbo: hii ilinunua gunia la chumvi, hii ilinunua kilo, hii ilinunua kiberiti, na hii haikununua kitu. Uchumi wa nchi nzima ulielezwa jioni moja, na aliyeuliza maswali mengi ni kijana wa ligablo ambaye shuleni alikuwa anasinzia. Mkusanyiko uliokuwa chakula cha nondo ukawa darasa.

Ila kuna kuonyesha na kuna kuharibu, na hapa nawageukia vijana. Nyumba nyingine, simtaji mwenyewe kwa sababu bado anaomboleza, watoto waliambiwa wapambe salon. Wakatafuta kitu kirefu kinachong'aa. Wakapata sanduku la kaseti za baba yao: Franco, Tabu Ley, "Mario" ya mwaka 1985 kwenye ukanda wenyewe. Wakaivuta kanda yote nje! Mita kwa mita, wakaizungusha darini, kuta nne, ikawa inameta kahawia kwenye mwanga wa mshumaa. Papa aliporudi alisimama mlangoni. Watoto wakapiga kelele, "Papa, bonne fête!" Yule mzee hakusema neno. Alikaa kwenye fotei, akatazama juu, Franco anapepea hapa, Tabu Ley amejifunga kwenye msumari pale. Franco, aliyekufa mwaka 1989, alikufa tena usiku ule.

Kosa la nani? Nitasema bila kumuogopa mtu: la papa. Miaka yote alizificha kaseti hizo, hakuwahi kumkalisha mtoto hata mmoja akamwambia huyu ni nani, aliimba nini, mama yenu alinipendea wimbo upi. Mtoto anaheshimu alichosimuliwa. Ambacho hakusimuliwa anakiona ni uzi wa kung'aa tu. Makasha ya kaseti yenye picha yangetundikwa yote dirishani, na kanda ikabaki salama ndani ya redio ikiimba. Sasa salon ina gilandi na nyumba ina kimya.

Na vitenge! Msinianzishe habari ya vitenge. Sanduku la bati la mama ni maktaba. Hiki cha harusi ya dada mkubwa, hiki cha kumaliza matanga, hiki cha 8 Machi, hiki cha jubilei ya parokia, na kile kimoja cha wax ya Uholanzi ambacho papa alilipa kwa kuuza ng'ombe. Vimekunjwa, vimewekewa sabuni ya harufu, vimelala. Tandazeni viwili tu ukutani nyuma ya kreshi, muone kama kuna karatasi ya kung'aa itakayothubutu kusimama kando yake! Lakini hapana. Tunapamba kwa karatasi ya chooni. Ndiyo, nasema wazi, mnajifanya hamjui? Rola ya waridi, inasokotwa, inavutwa kutoka kona hadi kona, na katikati inaning'inia puto. Halafu mnapiga picha, na picha inapelekwa kwa shemeji aliyeko Canada.

Taa nazo ni msiba wake. Ruzizi inazungusha mitambo ya umeme huko juu tangu mwisho wa miaka ya 1950, halafu Ruzizi II ikaongezwa 1989, umeme wa kugawana Kongo, Rwanda na Burundi. Maji hayohayo yakishamaliza kazi yanapita kwetu bondeni, na nyumba nyingi yanazozipitia yanaziacha gizani. Kwa hiyo mtu ana paneli moja ya jua, ya kuchajia simu, na usiku wa Noeli anachagua: simu, balbu, au taa zinazoimba. Anachagua zinazoimba! Familia inakula gizani huku sapini inapepesa macho. Na taa hizo hazijui kalenda. Mapambo hushushwa Epifania, tarehe 6 Januari. Sisi tunafika Kwaresima bado zinaimba.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa sitanii. Nyumba za bonde hili hazifungii vitu kwa uchoyo. Zinafungia kwa sababu zimepoteza. Wazee walikimbia 1964, wakakimbia 1996, wakakimbia 1998. Na Desemba 2025, wakati watu wa miji mingine walipokuwa wanachagua rangi ya puto, vita viliteremka bonde hili mpaka Uvira, na maelfu kwa maelfu wakavuka kwenda Burundi na vitoto mgongoni. Mama aliyewahi kurudi akakuta milango imevunjwa anajua kwa nini anashika ufunguo hata usingizini. Namuelewa. Mkono wangu uko begani mwake.

Lakini hapohapo ndipo ninapomsihi. Sahani iliyovuka vita vyote hivyo imeponea nini kama si kulia wali wa Noeli? Na waliorudi mikono mitupu, ambao bufeti yao imebaki kuwa hadithi? Hadithi nayo ni mkusanyiko! Waulizeni usiku huo: gilasi zenu zilikuwaje, kitenge cha mama kilikuwa na ndege au samaki, nani alipiga ile picha ya ukutani? Watawaambia kila ua. Kisha jirani mwenye vikombe sita awape kimoja. Akiba haiozi, lakini ni lazima ianzie mahali, na nyumba nyingi hapa zilianza upya kwa kikombe cha kupewa.

Kwa hiyo mpango ni huu, na atakayekataa aje tubishane hapa kwenye benchi. Tarehe 24 jioni, sapini isogezwe pembeni. Tawi la mchikichi au la mwembe liingie. Ng'ombe wa udongo watoke uvunguni, nyasi za mpunga zitandazwe, kitenge kimoja cha maana kipande ukutani. Kila mtu wa nyumba alete kitu kimoja alichokitunza, akiweke, aseme kilitoka wapi, na mdogo kuliko wote arudie alichosikia. Wali upakuliwe kwenye emaye. Chai imiminwe kutoka thermosi ambayo hatimaye itajua kazi yake. Kikombe kikivunjika, kimevunjika kazini, hakuna kulia.

Haya mama, ufunguo uko wapi? Usituambie umepotea. Uko kwenye fundo la pindo la kitenge ulichovaa, sote tunauona.